Vikwazo vya Lomuria

Jumamosi, 5 Oktoba

Leo mume wangu ameng'oa sukuma wiki zangu zote. Hakuwa na hasira yoyote. Aliamka saa kumi na mbili, akavaa ile suruali ya jeshi ambayo siku hizi kifungo cha juu hakifungi, akachukua sururu na kwenda nyuma ya nyumba. Nilipotoka na chai, vitalu vinne nilivyovimwagilia tangu Juni vilikuwa vimerundikwa kando ya ua, na yeye amesimama ndani ya shimo lililomfika magotini, jasho linamtoka, anatabasamu.

"Hii ni nini, Lomuria?"

"Vikwazo."

"Vikwazo gani?"

"Kama vile vya kambini. Matairi, gogo la kutembea juu yake, waya wa kutambaa chini, ukuta wa kuruka, na hapa shimo la matope. Krismasi jamii ikija, na marafiki, watu wacheze. Si kukaa tu mnakula nyama na kusinzia."

Amestaafu mwezi wa sita. Miaka ishirini na saba alikuwa sajenti wa kufundisha makurutu mazoezi, na tangu arudi hapa mtaani Bulla Pesa amekuwa akikaa kwenye kochi akitazama mpira bila sauti. Kwa hivyo nilifaa kufurahi kumwona amesimama. Lakini alichukua kikombe kwa mikono ile ile, tope likadondoka ndani ya chai, akainywa.

Mimi si mtu wa kinyaa cha bure. Ni mkaguzi wa nyama, huu mwaka wa ishirini na mbili. Kila asubuhi kichinjioni nafungua maini na mapafu ya mbuzi na ngamia, nasema hii iende sokoni, hii itupwe. Sijawahi kutapika kazini. Nyumbani ndiko tumbo langu hugeuka.

Naandika kwenye daftari la kazi lililobaki na kurasa tupu. Nikimwambia mtu kwa mdomo nitasema vibaya.

Jumanne, 8 Oktoba

Matairi yamefika. Jirani yetu Mahamud, mwenye malori mawili yanayokwenda Garbatulla, ametupa matairi kumi na manane yaliyokuwa yamelala nyuma ya gereji yake nafikiri tangu Ekuam wetu azaliwe. Kila tairi lina maji meusi ndani, na kwenye maji viluwiluwi vya mbu. La kumi na moja lilikuwa na panya. Alikuwa wa siku nyingi, alitoka vipande vipande.

"Salaam aleikum, Mama Ekuam!" Mahamud alinipigia kelele kutoka juu ya lori. "Mzee wako anatufungulia kambi!"

"Aleikum salaam. Na wewe utakuwa kurutu wa kwanza, na tumbo hilo?"

Alicheka mpaka akashika ukingo wa lori. Mkewe Sahra, ambaye ni rafiki yangu wa karibu kuliko dada zangu, alisimama mlangoni kwake ameziba pua na mtandio.

Jumatano, 9 Oktoba

Viatu vya matope jikoni. Nimesema. Vimerudi tena jikoni.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha jana mchana kutwa. Shimo limejaa, na Lomuria amefurahi kama mtu aliyeletewa ng'ombe.

Nimekwenda kulitazama. Maji hayakutoka juu peke yake. Upande wa plot ya Mbae, ambako watu wa vyumba kumi wanatumia choo kimoja, ukuta umelowa kwa chini na kuna mstari mwembamba wa maji ya kijivu unaoteremka hadi kwetu. Niliinama. Harufu ile siwezi kuikosea hata nikiwa na mafua.

"Lomuria, hiki ni choo."

"Ni matope."

"Ni choo cha Mbae kinavuja ndani ya shimo lako."

"Mama Ekuam, jeshini tumelala ndani ya vitu vibaya zaidi ya hivyo, na tuko hai." Akaingiza mguu mzima, mpaka gotini, ili nione. Kisha akautoa na kuja kuupangusa kwenye nyasi karibu na kamba yangu ya nguo.

Ningekuwa kazini ningesema itupwe, na hakuna mtu angenijibu. Hapa nilikwenda kuanua nguo.

Jumapili, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Lomuria ameamua vikwazo vijaribiwe.

Nikiri jambo moja: palipendeza. Ukuta wa mbao umesimama wima, futi saba. Gogo limelala juu ya mawe. Kamba ya lori imefungwa kwenye mgunga. Watu wa mtaa walikuja kama ishirini. Mahamud alitembea juu ya gogo ametanua mikono kama ndege, akaanguka, akalala chini akisema wallahi mgongo umekatika, na Sahra akamwambia mgongo wako ulikatika siku ya harusi. Mimi pia nilikanyaga matairi, mguu huu, mguu huu, nimeshika sketi. Sijacheka hivyo kwa muda mrefu. Kwenye shimo la matope sikufika. Nilizunguka.

Mtoto wetu, Ekuam, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akitengeneza simu ya mtu. Ana miaka ishirini na mitatu. Ni mrefu kama babake, ila mwili wake ni laini na vidole vyake ni vyembamba. Yeye na Khadar, kijana wa Mahamud, wana kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko.

"Na wewe?" babake akamwuliza, filimbi mdomoni.

"Niko sawa hapa, baba."

"Wewe ndiye nilikuwa nakungoja."

Ekuam alitabasamu, akafikiri ni mzaha. Mimi pia.

Alhamisi, 24 Oktoba

Halikuwa jambo la mzaha, wala la Krismasi.

Nilikuwa natafuta risiti ya maji kwenye mfuko wa koti lake nikakuta karatasi. Imechorwa mistari kwa rula. Juu imeandikwa EKUAM, chini yake wiki kumi na nane, kila wiki na dakika zake, na mwisho kabisa: MACHI, USAJILI.

Mara mbili amempeleka kijana huyu kwenye usajili wa jeshi. Mara mbili Ekuam amekimbia na wenzake, na mara mbili ameachwa nyuma, amerudi nyumbani hatazami mtu. Baada ya ile ya pili nilidhani tumemaliza.

Nilimngoja Lomuria atoke kuoga.

"Kwa hivyo jamii na marafiki ni uongo."

"Jamii watacheza. Si uongo. Lakini kijana lazima aandaliwe."

"Amekuomba?"

"Mimi pia sikuomba. Babangu alinipeleka." Alikaa kitandani, akaanza kukausha vidole vya miguu kimoja kimoja. "Mwanamume wa miaka ishirini na mitatu anashinda kwenye kibanda ameinamia vidude kama mbegu. Nikifa leo, watu wa kwetu Oldonyiro wataniuliza nimeacha nini."

"Ukifa leo hutaulizwa kitu."

Hakucheka. Aliendelea na vidole. Ngozi nyeupe iliyooza kwa matope ilikuwa inabanduka katikati ya vidole na yeye alikuwa anaiangusha kwenye mkeka wangu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Jumatatu, 4 Novemba

Imeanza. Saa kumi na mbili kamili asubuhi, filimbi. Ekuam alitoka na kaptura yake ya mpira. Nilisimama dirishani. Matairi, gogo, waya, ukuta, shimo. Ukuta hakuuweza. Akapitishwa kando ili aingie shimoni.

Nilimwuliza mbona amekubali. Alisema, "Acha nimalize hii kitu mama, atachoka mwenyewe."

Jumanne, 5 Novemba

Filimbi.

Jumatano, 6 Novemba

Filimbi. Mvua. Ukuta hakuuweza.

Ijumaa, 8 Novemba

Lomuria amempa mtoto wake jina. Anamwita Mkate, eti ni laini. "Mkate, inua goti! Mkate, unalowa!" Watoto wa plot ya Mbae wanapanda juu ya ukuta wa ua kutazama, nao wanaitikia. Jana jioni mwenye duka alinipa unga akaniuliza, "Mkate anaendeleaje, mama?" Nilirudisha unga.

Nimegundua kwamba siwezi tena kumtazama mume wangu akila. Anavyosukuma ugali na kidole gumba. Mate ya filimbi yaliyokauka kwenye pembe za mdomo. Tumeoana miaka ishirini na mitano.

Jumatatu, 11 Novemba

Ekuam ana vipele miguuni mpaka mapajani, vingine vina usaha. Nimemwosha kwa maji ya chumvi na kumpaka dawa. Chakula hali vizuri. Nikamwambia mwili wake una joto, akasema ni jua. Hakujakuwa na jua kwa siku nne.

"Nimwambie babako akupumzishe wiki moja?"

"Usimwambie kitu. Ataanza na zile stori zake za mkate."

Mstari wa maji ya kijivu sasa ni mpana kama mkono wangu. Nimemwambia Lomuria mara ya pili. Akasema atamwona Mbae. Hajamwona. Mimi pia sijakwenda, na ni hatua arobaini.

Jumamosi, 16 Novemba

Shemeji yangu Achuka, ndugu wa Lomuria, amefika kutoka Oldonyiro na beberu. Kesho Lomuria amealika wenzake waliostaafu, sita. Nimeloweka mchele. Beberu amefungwa kwenye ukuta wa vikwazo na ananuka kama wanaume wengine wote wa hapa.

Jumapili, 17 Novemba

Nitaandika yote, kwa mpangilio, kwa sababu nikiacha hadi kesho nitaanza kujipunguzia.

Tulitoka kanisani saa sita. Wenzake Lomuria walikuwa wamefika, wanaume wa miaka hamsini na kitu wenye vitambi na sauti kubwa. Walikula, kisha wakafanya vikwazo kwa zamu, viatu mkononi, wakitukanana kwa upendo. Mahamud na Sahra walikuja. Majirani walijaa mpaka kwenye lango. Achuka alipanda ukutani kwa mruko mmoja, na ana miaka hamsini na moja, akakaa juu yake kama jogoo. Shimoni hakuna mgeni aliyeingia. Waliliruka kwa kando, na Lomuria aliwaachia.

Mimi nilikuwa nimechangamka. Lazima niliandike hilo. Watu walisifu chakula, walisifu uwanja, na mke wa mmoja wao aliniambia una bahati, wangu amekaa tu. Nilijisikia mke wa mtu.

Halafu Lomuria akapuliza filimbi. "Sasa mtazame Mkate akiiva!"

Watu wakacheka na kupiga makofi. Ekuam alitoka ndani ya nyumba. Alikuwa amelala, ana alama ya mto shavuni. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Niliiona na nikaamua ni usingizi. Alivaa ile suruali ya zamani ya babake, maana kaptura yake ilikuwa haijakauka, akaifunga kwa kamba.

Matairi aliyapita. Kwenye gogo alianguka mara moja, akarudi mwanzo. Chini ya waya alitambaa polepole sana, akatulia katikati, akaweka shavu lake chini kama mtu anayelala, mpaka babake akapuliza filimbi karibu na sikio lake. Alipofika ukutani aliruka mara mbili akakosa. Ya tatu akashika juu. Akaning'inia. Miguu yake ikawa inatafuta mahali pa kukanyaga na hapakuwa na mahali, na kamba ya suruali ikalegea, na suruali ikateremka mpaka magotini.

"Ngamia amekwama!" Achuka akapiga kelele.

Watu wakalipuka. Mikono ya Ekuam ikaachia. Alianguka kwa mgongo, akabingirika, akaingia shimoni kichwa kwanza.

Alipoinuka hakuwa na uso, ni tope tu, na mdomo wazi, na ndani ya mdomo tope. Suruali iko magotini. Alisimama pale kama kitu kilichozaliwa vibaya.

Nami nikacheka.

Hakikuwa kile kicheko cha kuona haya. Nilicheka kwa tumbo, nimeshika bega la yule mwanamke, machozi yananitoka. Sijui kilitoka wapi. Ekuam alijipangusa macho kwa mkono. Akatazama watu, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, babake, Achuka, Khadar ambaye alikuwa amefunika mdomo, na alipofika kwangu macho yake yakakomea hapo. Nilikuwa bado nacheka. Meno yangu yalikuwa nje.

"Naomba maji," alisema.

Hakuna aliyesogea. Sahra peke yake hakuwa anacheka. Alichukua leso yangu kwenye kamba, akaenda hadi ukingo wa shimo, akageuza uso upande na kumnyooshea. "Jifunike, mwanangu. Njoo." Akampeleka bafuni kwangu, kwa mkono, matope yakimchafua buibui lake lote.

Wageni walikaa mpaka saa kumi na moja. Niliwapa chai.

Jumatatu, 18 Novemba

Hakuna filimbi leo. Ekuam amelala ameelekea ukutani. Nimeweka uji, sijui kama amekunywa. Nimekwenda kazini.

Jumanne, 19 Novemba

Sahra alinipigia simu nikiwa na kisu mkononi. Alikuwa amepita kumjulia hali Ekuam akamkuta sakafuni, anaongea maneno yasiyo na maana, amejichafua. Mahamud alimbeba mwenyewe hadi kwenye gari.

Hospitalini daktari, kijana mdogo mwenye macho ya kutolala, alibonyeza tumbo la Ekuam, na Ekuam akatoa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwa mtu. Vipimo vikarudi. Homa ya matumbo. Amekuwa nayo zaidi ya wiki.

"Angekaa nyumbani siku mbili tatu zaidi utumbo ungetoboka," daktari akasema. "Bado sijaondoa hofu hiyo. Amekuwa akinywa maji ya wapi?"

Lomuria alikuwa amesimama kando yangu. Alitazama sakafu.

"Nyuma ya nyumba yetu," nikasema.

Zaidi ya wiki. Jumapili ile alikuwa mgonjwa, anawaka moto chini ya ule waya, na sisi tulikuwa tunapiga makofi. Mimi, ambaye kazi yangu ni kutazama mwili na kujua.

Nilitoka hadi kwenye ushoroba nikatapika ndani ya ndoo ya mfagiaji. Miaka ishirini na mbili.

Alhamisi, 21 Novemba

Hajambo kidogo. La, si hajambo. Yuko hai.

Jumamosi, 23 Novemba

Lomuria haondoki wodini. Analala kwenye benchi. Leo nilimkuta akimwosha Ekuam kwa kitambaa, anamgeuza kwa mikono yote miwili, polepole, kisha akachukua beseni la choo na kwenda kulimwaga bila glavu, bila kugeuza uso. Akarudi akaanza kumkata kucha.

Nilitaka kuguswa moyo. Wanawake wa vitanda vingine waliguswa, walisema huyo ni baba. Nilichofikiri ni kwamba mikono ile ile ndiyo ilishika filimbi, na kwamba ni rahisi kumpenda mtoto akiwa hawezi kusimama.

Lakini mimi ningeweza kumwaga lile beseni? Nilisimama mlangoni na chupa ya uji mpaka alipomaliza kila kitu.

Jumanne, 26 Novemba

Leo Ekuam ameongea vizuri. Babake alikuwa amekwenda kutafuta dawa. Nilimlisha ndizi iliyopondwa na nikaanza kumsema Lomuria. Nilisema kwa moyo wote: ubishi wake, kiburi chake, jeshi lake, alivyotuharibia nyumba. Ilinitoka kama maji.

Ekuam alimeza, akangoja nimalize.

"Mama, baba namjua. Huyo nilijua atafanya vile." Sauti yake ilikuwa bado kama karatasi. "Wewe ndiye ulicheka."

Lomuria akaingia na dawa.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimekwenda kwa Mbae. Hatua arobaini na mbili, nimezihesabu. Alikuwa anakula miraa kwenye kivuli cha nyumba zake.

"Maji hutafuta njia yake, mama," akaniambia.

"Na mimi nitakutafutia watu wa afya ya umma. Nafanya kazi nao jengo moja. Choo kinyonywe kabla ya Jumatano, na ukuta ujengwe upya."

Akaniita mama mkali. Nikamwambia ningekuwa mkali mwezi wa kumi tusingefika hapa.

Jumapili, 1 Desemba

Sikwenda kanisani. Nilinunua magunia manne ya chokaa na Sahra akaja na beleshi la gereji, amevaa gambuti za Mahamud. Tulimwaga chokaa shimoni, ikachemka na kutoa moshi, kisha tukaanza kurudisha udongo. Wakati fulani Sahra akasema, "Mbona unalia na kazi ni nyepesi?" Nikamwambia ni chokaa.

Baadaye nikamwuliza ilikuwaje yeye hakucheka siku ile.

"Nilikuwa naanza," alisema. "Kisha nikaona ana baridi. Jua lile lote, na anatetemeka."

Yeye aliona. Alikuwa amesimama mbali kuliko mimi.

Lomuria alirudi kutoka hospitalini saa nane kubadilisha nguo, akatukuta. Alisimama akatazama. Nilikuwa tayari kwa vita, nilikuwa na maneno. Akatembea hadi kwenye mgunga, akafungua kamba, akaikunja vizuri, kisha akaleta nyundo na kuanza kubomoa ukuta, ubao mmoja mmoja, akinyoosha kila msumari. Hakusema pole. Hajasema tangu Ekuam alazwe.

Alhamisi, 5 Desemba

Ekuam ametoka hospitalini. Hakuja nyumbani. Khadar alimpeleka moja kwa moja kwenye chumba walichokodi karibu na soko.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Nimempelekea kuku wa supu. Alifungua mlango, amekonda, shati linaning'inia. Akasema asante mama. Akafunga mlango kwa upole. Afadhali angeubamiza.

Ijumaa, 20 Desemba

Mvua zimekatika. Vumbi limerudi kana kwamba halikuwahi kuondoka.

Jumatano, 25 Desemba

Jamii ilikuja, watu kumi na saba. Ekuam hakuja. Watoto walicheza kwenye matairi na gogo, ndivyo pekee vilivyobaki, na hakuna aliyewapigia filimbi wala kuwapima dakika. Yalikuwa mambo ya kawaida: kusukumana, kuanguka, kulia, kurudi tena. Nilikaa nikawatazama na nikaona kwamba kumbe ingeweza kuwa hivi tangu mwanzo, na hilo likanichefua kuliko uvundo wote wa Oktoba.

Tulipokuwa tunakula Achuka akauliza, mfupa mkononi, "Na Mkate wetu yuko wapi?"

Wengine wakaanza kutabasamu. Niliweka sahani chini. Lakini Lomuria alinitangulia.

"Anaitwa Ekuam," akasema. "Akaaye kwangu akila nyama yangu atamwita Ekuam."

Achuka akacheka, akangoja mtu acheke naye. Akarudi kwenye mfupa.

Nilimtazama mume wangu upande wa pili wa meza. Ana mvi kwenye nyusi, sikuwa nimeziona. Nilifurahi, na nilichukia kwamba nimefurahi kwa urahisi hivyo. Na mimi je? Yeye amesema sentensi mbili mbele ya watu wake. Mimi nimepeleka kuku.

Jumamosi, 28 Desemba

Kazini nilimaliza saa tano. Nilioga, nikavaa nguo za kanisani, nikatembea hadi kwenye kile kibanda. Miaka miwili wamekuwa nacho na sikuwahi kuingia, nilikuwa napita tu na kupunga mkono.

Kulikuwa na wateja watatu kwenye benchi na Khadar kaunta. Ekuam alikuwa ndani, ameinamia simu iliyofunguliwa, miwani ya kukuza vitu jichoni. Nilikuwa nimepanga kumwomba atoke nje tuongee pembeni. Nilipofika nikaona hapana. Nilimcheka mbele ya watu.

"Ekuam," nikasema. "Siku ile nilicheka."

Khadar akaacha alichokuwa akifanya.

"Ulikuwa mgonjwa na uchi na nilikucheka. Si babako, si Achuka. Mimi. Nilijua shimo lile ni choo tangu mvua ya kwanza, nikasema mara mbili kisha nikanyamaza, kwa sababu sikutaka ugomvi nyumbani. Kazini sinyamazi. Nimekuja kukuomba msamaha. Ukisema bado, nitarudi nyumbani na itakuwa ni sawa."

Mmoja wa wateja, mzee wa Kiborana mwenye kofia, akaanza kutazama kucha zake. Masikio yangu yalikuwa yanawaka. Sijawahi kumwomba mtoto msamaha, na sikuwahi kuona mzazi wangu akifanya hivyo. Sikujua mikono iwekwe wapi.

Ekuam hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika kidude kidogo kama punje ya mtama kwenye ncha ya koleo jembamba, na mkono wake haukutikisika hata kidogo. Nilikuwa sijawahi kuuona ukifanya kazi. Alikiweka mahali pake. Akapumua.

"Khadar, taa imekufa tena?"

"Chaji imeisha, buda."

"Mama, una tochi kwa simu?"

Nikaitoa, nikaiwasha.

"Ingia huku. Pita chini ya kaunta."

Niliinama, na nguo zangu za kanisani, nikapita chini ya kaunta, nikasimama nyuma yake. Shingo yake ilikuwa imekonda, mifupa inahesabika. Alinishika mkono akausogeza kidogo kulia, kisha chini, akauachia.

"Hapo. Ukichoka sema."

"Sijachoka."

"Ndiyo kwanza tumeanza," akasema.

Nilisimama hapo mpaka wateja wote watatu walipoondoka, na wengine wawili waliokuja baadaye. Hakuniambia amenisamehe. Saa nane Khadar akaleta chai na maandazi, na Ekuam akala maandazi manne.